Tanga, Mombasa, Maskati au Uingereza: Linganisha kwa Siku ya Ugomvi

Anayefunga begi Ngamiani au Chumbageni kwenda kutafuta maisha huuliza kwanza mshahara. Ni swali la haki, ila lingefaa liwe la pili. La kwanza ni hili: siku utakapogombana na mwajiri, utakapougua au utakapoandika mtandaoni jambo lisilompendeza mkubwa, sheria ya mahali pale itakufanyia nini? Mshahara mnono huishia mwezi wa nne kama ruhusa yako ya kuishi iko mfukoni mwa yule yule anayekulipa.

Sehemu nne zinalinganishwa hapa kwa kipimo hicho: kubaki Tanga, kuvuka Horohoro kwenda Mombasa, kuruka kwenda Maskati, na Uingereza. Viwango ni vya hadi mwanzoni mwa 2026. Kodi na ada hubadilika kila bajeti, kwa hiyo hakiki kabla ya kulipa chochote.

Nani ameshika ruhusa yako

Tanga, hakuna. Ukiacha kazi kiwandani Pongwe leo, kesho unaweza kuuza samaki Deep Sea na hakuna ofisa atakayekuuliza umekaaje mjini. Tunalichukulia poa kwa sababu tumezaliwa nalo. Ukilikosa ndipo linapoonekana.

Kenya ni nusu kwa nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa Mtanzania pasi ya kutembelea ya hadi miezi 6. Pale Horohoro, kama kilomita 65 kutoka Tanga mjini, unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana yaweza kuulizwa. Hakikisha mhuri umegongwa na umeusoma una siku ngapi kabla hujapanda matatu ya Lunga Lunga. Lakini pasi ya kutembelea ni ya kutembelea. Ukipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90, kanuni za itifaki zinakutaka uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 tangu kuusaini. Kibali cha kwanza huwa cha hadi miaka 2 na huhuishwa. Kwa kazi isiyofika siku 90 kuna pasi maalumu.

Wengi huharibikiwa kwenye siku hizo 15. Kijana anapata kazi hotelini Diani, mwajiri anasema "kibali tutashughulikia, wewe anza," miezi inapita. Siku akidai malimbikizo ya mshahara, anakumbushwa kwamba hana kibali. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya 2011 inaweka adhabu ya faini hadi shilingi 500,000 za Kenya au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeishi nchini kinyume cha sheria. Mwajiri naye ana kosa lake kwa kumwajiri asiye na kibali, ila wa kwanza kukamatwa huwa ni mgeni.

Kuna na mazoea ya mpakani. Wadigo wako Mkinga na wako Kwale, ndugu kwa ndugu, na mtu wa Jasini anaweza kwenda msibani Vanga bila kufikiria mhuri. Kwa msiba wa siku mbili haijawa taabu kubwa. Kwa kuishi ni mtego, kwa sababu bila mhuri wa kuingia huna tarehe ya kuanzia, na bila tarehe hakuna pasi wala kibali kinachoweza kujengwa juu yake. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya kwa uvuvi waliishi huko vizazi kadhaa bila kitambulisho mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023. Usidhani ujirani unageuka haki wenyewe kwa kukaa muda mrefu.

Oman ni habari nyingine kabisa. Visa ya kazi na kadi ya ukaazi vimefungwa kwa mwajiri mmoja, kafili. Hali imelegezwa: tangu Januari 2021 anayemaliza mkataba hahitaji tena barua ya kutopingwa kutoka kwa mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Sikiliza neno "anayemaliza". Ukitaka kuondoka katikati ya mkataba bado unamhitaji akubali, na ukiondoka bila kukubaliwa anaweza kukuripoti kuwa umetoroka kazini. Ripoti hiyo inaua ukaazi wako, na wewe uliyekuwa mdai unageuka mtuhumiwa. Kwa hiyo mgomvi mwenye akili Maskati huanza kwa kulalamika Wizara ya Kazi akiwa bado anaripoti kazini. Kuondoka huja baadaye.

Uingereza nako kibali cha kazi ya ujuzi kimefungwa kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini. Kazi ikiisha, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Tofauti na Ghuba ni kwamba ukimwacha mwajiri huko hugeuki mhalifu. Unakimbizana na kalenda tu.

Mkataba wa Maskati, mstari kwa mstari

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo mawakala wanapowapitia watu wetu.

Sheria mpya ya kazi ya Oman, amri ya kifalme namba 53 ya 2023, ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kazi ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, mapumziko siku 2 mfululizo, likizo siku 30 kwa mwaka, uzazi siku 98. Saa za ziada hulipwa nyongeza ya asilimia 25 mchana na 50 usiku. Majaribio hayazidi miezi 3. Mwajiri hashiki pasipoti yako isipokuwa umeridhia kwa maandishi. Basi ujue hili: miongoni mwa karatasi za Kiarabu utakazowekewa mezani siku ya kufika, moja yaweza kuwa ya ridhaa hiyo. Uliza kila karatasi ni ya nini. Mkataba wa Kiarabu ndio unaotambuliwa. Nakala ya Kiswahili au Kiingereza uliyoonyeshwa Tanga haina nguvu zikipingana.

Kisha tazama mshahara umegawanywa vipi. Tuseme umeahidiwa rial 150 kwa mwezi. Rial imefungwa kwa dola kwa kiwango cha kama dola 2.6, kwa hiyo ni karibu dola 390. Kwenye mkataba utakuta mshahara wa msingi rial 90, posho ya nyumba 40, usafiri 20. Jumla ile ile, lakini kiinua mgongo kinapigwa juu ya msingi: mwezi mmoja wa mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa kazi. Baada ya miaka 3 utapata rial 270, na wewe ulikuwa unahesabu 450. Wakala atakwambia "jumla ni ile ile, usisumbuke." Sumbuka. Kabla hujasaini, omba msingi upandishwe hata kama posho zitapungua.

Mshahara unatakiwa upite benki. Ukilipwa mkononi huna ushahidi wa kulipwa wala wa kutolipwa, na Wizara itakapouliza utabaki na maneno yako dhidi ya yake.

Sasa jambo lenyewe zito. Wafanyakazi wa ndani hawamo kwenye sheria hiyo ya kazi. Wana kanuni yao pembeni, na haki zao ni pungufu. Kwa hiyo yote yaliyotajwa juu, saa 40, siku 2 za mapumziko, usimwambie binti anayekwenda kupika na kulea nyumbani kwa watu kwamba ni yake. Shirika la Human Rights Watch mwaka 2017 lilichapisha ripoti juu ya Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kuzuiwa, saa nyingi mno, mshahara kupunguzwa au kunyimwa. Sheria zimeendelea tangu hapo, ila nyumba bado ni nyumba, mlango ukifungwa mkaguzi haingii. Hotelini, dukani, gereji au kwenye kampuni ya ujenzi, Oman yaweza kuwa chaguo la maana. Kazi ya ndani bila ndugu wa kumfikia ndani ya mji ule ule, tungeshauri asiende.

Anayekwenda apitie Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na mkataba ujulikane Ubalozi wa Tanzania Maskati kabla ya safari. Wakala binafsi lazima awe na leseni. Mwambie akuonyeshe, kisha uihakiki TaESA kwenyewe, usiridhike na picha ya simu. Anayekwambia uende kwa visa ya utalii "itabadilishwa huko huko" anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na mkataba wa kulalamikia.

Kazi ikivunjika, una siku ngapi

Muda wa kudai ndio unaopoteza kesi nyingi kuliko ubovu wa kesi yenyewe, na Tanga saa hukimbia. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 kupeleka fomu CMA F.1 kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Kufungua hakulipiwi. Ukichelewa unajaza CMA F.2 kuomba uongezewe muda, na "nilikuwa nabembelezana na bosi" si sababu inayokubalika kirahisi. Watu wetu hupenda kumtuma mzee akaongee kwanza. Atumwe, lakini fomu iende pia. Kwa mwenye mkataba wa mwezi, notisi ni siku 28, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Mombasa una miaka 3 ya kufungua shauri la ajira, na kuna mahakama maalumu ya ajira na mahusiano ya kazi. Muda ni mpana, ila wakili si bure na kesi hukaa. Maskati unaanzia Wizara ya Kazi kwa usuluhishi, ikishindikana mahakamani. Usicheleweshe dai, na ukishapanda ndege kurudi umelidhoofisha mno. Uingereza, shika kichwani miezi 3 kasoro siku moja, na kabla ya baraza la kazi upitie kwanza usuluhishi wa ACAS, chombo cha umma cha migogoro ya kazi, ambao ni bure.

Kinachobaki mfukoni

Tanga, mshahara wa shilingi 500,000: NSSF yako asilimia 10 ni 50,000. Kodi huanza juu ya 270,000, kwa hiyo katika 450,000 zinazobaki unatozwa asilimia 8 ya 180,000, yaani 14,400. Mkononi 435,600.

Mombasa, shilingi 30,000 za Kenya: NSSF 1,800, bima ya afya ya asilimia 2.75 ni 825, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 450. Zinabaki 26,925 za kukatwa kodi, na baada ya nafuu ya 2,400 kodi inakuwa kama 731. Mkononi karibu 26,190. Tozo ya nyumba unakatwa hata kama huna mpango wa kuishi Kenya milele. Kodi ya chumba Mombasa, pamoja na maji ya kununua kwa mtungi mitaa mingine, itakula tofauti yote na Tanga kwa kazi za kawaida. Faida ya Mombasa iko kwenye kazi za ujuzi: hoteli kubwa, bandari, uhasibu. Wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Jumuiya, hivyo cheti chako hakianzi upya.

Maskati hukatwi kodi ya mapato. Oman imeshatunga ya asilimia 5 itakayoanza 2028, ila ni kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo mpishi na fundi magari walale usingizi.

Uingereza, kiwango cha kawaida cha kibali cha ujuzi tangu 22 Julai 2025 ni paundi 41,700 kwa mwaka. Baada ya kodi na bima ya taifa inabaki kama 2,795 kwa mwezi, kabla ya pango. Kabla hujaondoka unalipa mkupuo mmoja tozo ya afya ya paundi 1,035 kwa kila mwaka wa kibali. Miaka 3 ni 3,105, mbali na ada ya visa na kipimo cha kifua kikuu. Na tarehe hiyo hiyo ya Julai, njia ya kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ilifungwa. Anayekuuzia leo "kazi ya kutunza wazee London" akiwa barazani Makorora anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa. Hati ya udhamini nayo haiuzwi. Mwajiri wa kweli haitozi.

Kusema na kukaa kimya

Kwa maandishi, Kenya iko mbele. Katiba ya 2010 inataja wazi haki ya kuandamana na kuwasilisha malalamiko, na inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 2017. Kwetu ibara ya 41 ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016 na zuio likaondolewa Januari 2023. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, na intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 2025. Kutumia VPN bila kuisajili TCRA ni kosa. Watu wa Tanga hawahitaji kukumbushwa kwamba Septemba 2024 Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi akitoka Dar kuja Tanga, akakutwa ameuawa siku iliyofuata.

Lakini usisome katiba ukadhani umesoma barabara. Maandamano ya Kenya ya Juni 2024 dhidi ya muswada wa fedha yaliua makumi ya watu, na vijana walitekwa baadaye. Januari 2025 mwanaharakati wa Kitanzania Maria Sarungi Tsehai alitekwa Nairobi mchana, akaachiwa saa chache baadaye. Mgeni anayesema sana Mombasa ana ulinzi wa mahakama zinazosikia, na hana ulinzi wa gari lisilo na namba.

Oman hakuna vyama vya siasa. Kanuni ya adhabu ya 2018 inampa kifungo cha miaka 3 hadi 7 anayemtusi au kumpinga Sultani hadharani au mtandaoni. Zinaa ni kosa la jinai, na kula hadharani mchana wa Ramadhani pia. Kwa Mswahili aliyezoea adabu ya pwani haya mengi si mzigo wa kila siku, na utasikia Kiswahili sokoni Muttrah kwa wenye asili ya Unguja. Kinachokamata watu ni simu: kusambaza ujumbe wa mwenzio, kumrekodi bosi bila ruhusa, kulalamika kwa jina mtandaoni. Lalamika wizarani. Simu za WhatsApp nazo huzuiwa huko, kwa hiyo pangeni na wa nyumbani njia nyingine.

Uingereza unaweza kumsema waziri mkuu kwenye basi na hakuna anayegeuka.

Ardhi na uraia

Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na asiye raia haimiliki isipokuwa kwa uwekezaji. Maana yake, ukichukua pasipoti ya Uingereza, shamba la minazi ulilorithi Pangani linaingia mashakani siku hiyo hiyo. Marekebisho ya 2025 ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania yamefungua mlango kwa masharti, ila kura hayakurudishii. Malizeni mirathi na usajili kabla ya kuapa kwingine.

Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili na unaweza kuuomba baada ya miaka 7 ya ukaazi halali, lakini ukiuchukua sheria ya kwetu ndiyo itakayokubana. Mgeni Kenya anapata ardhi kwa kupanga tu, si zaidi ya miaka 99. Kununua kiwanja Kwale kwa jina la binamu ni njia maarufu ya kupoteza kiwanja na binamu. Oman kwa sheria ya 2025 inataka miaka 15 mfululizo hata kuomba. Jihesabu mgeni wa kudumu.

Nani wapi

Mwenye ufundi wa chuma, kuchomelea au umeme, na ambaye hajafikisha miaka mitatu ya uzoefu, abaki kwanza. Bandari imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13 na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Uzoefu wa hapo ndio utakaompandishia msingi kwenye mkataba wa Maskati. Mhasibu au mtu wa hoteli aangalie Mombasa, akiwa ameomba kibali kufikia wiki ya pili. Anayetaka mtaji wa miaka 3 na anaweza kufunga mdomo, Oman, kwa mkataba wa kampuni. Uingereza ni ya mwenye shahada na mwajiri aliyekwisha mpata, si ya kwenda kubahatisha.

Dereva asikilize peke yake. Mombasa leseni yako inafahamika na mnaendesha kushoto vilevile. Uingereza unaitumia miezi 12, kisha mtihani upya. Oman wanaendesha kulia, na leseni yetu haibadilishwi moja kwa moja: utaingia mafunzo na mitihani kabla ya kulipwa kama dereva. Muulize mwajiri, kwa maandishi, nani atalipia mafunzo hayo na utalipwa nini katika miezi ya kusubiri.